Ligandi za salfa kwa projekti yako: dithiokabamati, zanthati, thiosemikabazoni au thiourea?

Ukishaamua projekti yako iwe ya kompleksi za metali za mpito na ligandi zenye salfa, yaani metali kama shaba au nikeli iliyozungukwa na molekuli au ioni zinazoishika (hizo ndo ligandi), swali linalofuata ni salfa ipi, na hapo ndo wengi wanachagua kwa kuangalia jina linalopendeza kwenye kichwa cha andiko wakati maabara waliyonayo hawajaiangalia kabisa. Mi nina upendeleo wangu na nausema mapema: kwa mwanafunzi wa digrii ya kwanza hapa Dodoma, mwenye miezi michache, IR na UV-Vis (mashine za kupima mwanga unaomezwa, wa infraredi na wa kuonekana na urujuanimno) na mizani nzuri, dithiokabamati inashinda, tena inashinda kwa mbali. Ila kuna maswali haiwezi kuyajibu, na hapo zanthati au thiosemikabazoni, au hata thiourea ya kawaida, ndo inakuwa chaguo lenyewe. Nazilinganisha zote nne ila sitazipa nafasi sawa, maana hazilingani kwa mambo ya kusema.

Kwanza kwa nini salfa na sio oksijeni au naitrojeni. Mwaka 1958 Ahrland, Chatt na Davies walizigawa metali kwenye makundi mawili kutokana na atomu zinazozipenda, afu 1963 Ralph Pearson akaja na lugha ya asidi na besi ngumu na laini ambayo ndo tunaitumia mpaka leo. Salfa ni atomu kubwa, elektroni zake zinavutika kirahisi, kwa hiyo ni laini, na laini inapenda laini kama ngumu inavyopenda ngumu, ndo maana inaelewana na zebaki, fedha, dhahabu, shaba, kadimiamu, na zile za katikati kama nikeli na zinki. Kalsiamu na magnesiamu haina habari nazo. Hili lina maana ya moja kwa moja kwa mtu wa hapa, kila anayekunywa maji ya bomba Dodoma anajua yanatoka visima vya Mzakwe na yana chumvi na ugumu wake, sasa ukipima metali kwa titresheni ya EDTA (ligandi inayoshika metali nyingi) ile kalsiamu inakuingilia lazima uishughulikie, ila ukipima shaba kwa ligandi ya salfa kalsiamu inapita pembeni tu. Usinielewe vibaya, maji ya kutengenezea kompleksi yawe yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke au yaliyoondolewa ioni, kwa sababu kutu ya bomba ina chuma, na chuma hicho ligandi itakishika na bidhaa yako nyeupe itatoka ya kijivu.

Na kuwa na salfa ndani ya ligandi haimaanishi salfa ndo itakayoshika. Ile rangi nyekundu kama damu mnayoipata kidato cha sita mkipima chuma kwa thiosayaneti, pale chuma kimeshikwa upande wa naitrojeni, salfa iko nje inaning'inia. Weka zebaki, itaenda kwa salfa. Kwa hiyo kwenye andiko lako usiandike tu "ligandi itashika kwa salfa", sema utalithibitishaje.

Sasa tuanze na ndugu wawili wanaofanana, dithiokabamati (ntaiita DTC) na zanthati. Zote zinatokana na kaboni disalfaidi, CS2. Ukiigonganisha na amini ya sekondari mbele ya sodiamu haidroksaidi unapata DTC, ukiigonganisha na alkoholi mbele ya potasiamu haidroksaidi unapata zanthati. Zote mbili zina kaboni moja yenye salfa mbili, zote zinashika metali kwa salfa zote mbili na kufanya pete ndogo ya atomu nne, pete imebanwa mpaka pembe ya salfa-nikeli-salfa ndani yake inashuka hadi nyuzi kama 79 badala ya 90. Kwenye karatasi utasema ni kitu kimoja. Tofauti iko kwenye hiyo atomu iliyokaa upande wa pili wa kaboni: DTC ina naitrojeni, zanthati ina oksijeni.

Naitrojeni inatoa elektroni zake kirahisi, inazisukuma kuelekea kaboni mpaka bondi ya kaboni na naitrojeni inakuwa nusu ya bondi mbili, na salfa zinabaki na chaji hasi nyingi zaidi. Hiyo ndo siri ya DTC yote. Salfa zenye chaji hivo zinaweza kutuliza hata metali iliyopoteza elektroni nyingi, ndo maana DTC zina kompleksi za shaba ya tatu na nikeli ya nne (namba ni idadi ya elektroni metali ilizopoteza), vitu ambavyo ukitaja kwenye darasa la kawaida watu wanadhani umekosea. Oksijeni ya zanthati inazing'ang'ania elektroni zake, kwa hiyo zanthati ni dhaifu zaidi.

Utaliona wapi hilo kwa macho? Chukua shaba. Ukiweka mmumunyo wa shaba ya pili kwenye DTC unapata papo hapo kitu cha kahawia iliyokolea, shaba bado ni ya pili, ina elektroni moja isiyo na mwenzake na mizani ya kupima usumaku itakuonesha hivo. Fanya hivo hivo na zanthati, shaba inanyang'anya elektroni, inakuwa shaba ya kwanza, zanthati nyingine zinaungana mbili mbili kuwa daizanthojeni na unabaki na mashapo ya njano. Yaani ukiandika kwenye andiko kwamba utatengeneza zanthati ya shaba ya pili na kuipima usumaku, umeandika kitu ambacho hakitakaa kwenye chupa. Sapavaiza aliyezoea atalikamata hilo siku ya kwanza, ambaye hajazoea mtalijua wote kwenye matokeo.

Au chukua nikeli. Zote zinatoa kompleksi bapa isiyovutwa na sumaku. Ila dondosha piridini: ile ya zanthati inakaribisha piridini mbili, inashikwa kwa atomu sita, rangi inabadilika na inaanza kuvutwa na sumaku. Ile ya DTC inabaki vilevile kijani yake, haina haja. Kama projekti yako inataka kuonesha jinsi kompleksi inavyopokea ligandi ya ziada, zanthati ni tajiri kuliko DTC, na hapa ndo sehemu moja ya darasani ambapo ningeichagua bila kusita.

Sehemu nyingine ni madini, na hapo zanthati haina mpinzani. Zeise wa Denmark alizitengeneza tangu 1822, ila zilikaa karibu miaka mia bila kazi kubwa mpaka Keller alipopata hataza ya kuzitumia kwenye kuelesha madini kwa povu mwaka 1925. Mnakumbuka sakata la makinikia 2017, yale makontena 277 yaliyozuiwa bandarini? Makinikia yanapatikana kwa kusaga mwamba, kuuchanganya na maji na kupuliza hewa ili chembe za salfaidi zenye shaba na dhahabu zipande na povu, na kemikali ya kawaida duniani ya kuzifanya chembe hizo zikatae maji na kung'ang'ania kipovu ni zanthati. Kichwa cha salfa kinashika metali kwenye uso wa chembe, mkia wa kaboni unabaki nje. Hii ni kemia ya uratibu ileile, ila imehamia juu ya jiwe.

Na inachagua. Pale Haneti, wilaya ya Chamwino, kuna lile jiwe la kijani la krisopresi linalonunuliwa na masonara, ukijani wake unatokana na nikeli. Mtu anaweza kudhani zanthati itaivuta nikeli hiyo, haiivuti, kwa sababu pale nikeli imezungukwa na oksijeni ndani ya silika na uso wa jiwe ni mgumu kwa lugha ya Pearson. Nikeli ya Kabanga kule Ngara imekaa kwenye salfaidi, ile ndo chakula cha zanthati. Mwanafunzi anayetaka projekti inayogusa madini ya hapa nchini, kulinganisha tabia ya zanthati kwenye sampuli ya salfaidi na sampuli ya silikati ni kazi nzuri kweli, na makao makuu ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini yapo hapa hapa mjini, ukiandika barua mapema kupitia chuo unaweza kuomba ushauri wa sampuli.

Ubaya wa zanthati ni kwamba haidumu. Inavunjika kwenye asidi, inavunjika taratibu kwenye unyevu na joto, na inapovunjika inarudisha CS2 ambayo inanuka na inawaka. Chupa iliyofunguliwa Oktoba kabla ya mvua, joto la mchana liko juu ya 30, ikakaa kwenye shelfu la dirishani, mpaka Januari utakuwa na unga uliochanganyika na takataka. DTC nayo inavunjika kwenye asidi, haraka tu, ila kwenye chupa kavu inakaa vizuri zaidi.

Hiyo CS2 yenyewe naomba tuizungumze kwa uzito wake. Inachemka kwa nyuzi 46 usawa wa bahari, na Dodoma tuko kama mita 1,100 juu, kwa hiyo hapa ni takriban 42. Mvuke wake unaweza kuwaka wenyewe ukigusa kitu chenye joto la kama nyuzi 90 hadi 100, haihitaji moto wala cheche, sahani ya umeme iliyozimwa dakika chache zilizopita inatosha. Tena ni sumu ya mishipa ya fahamu. Kama kabati la kuvuta hewa la maabara yako halivuti, usitengeneze DTC wala zanthati mwenyewe, full stop. Na kwa DTC hulazimiki: chumvi ya sodiamu ya daiethili dithiokabamati inauzwa ikiwa tayari, na ile ya amoniamu ya pirolidini nayo inauzwa kwa wanaopima metali kwenye maji. Agiza hiyo, fuata utaratibu wa Mkemia Mkuu wa Serikali kama kemikali nyingine, na kazi yako inaanzia kwenye metali. Hapo tu DTC imeshapata alama kubwa, maana umeruka hatua hatari na bado projekti ni halali kabisa.

Kama kabati linafanya kazi na sapavaiza yupo, tengeneza asubuhi, Juni au Julai ikiwezekana kukiwa na baridi, kwenye barafu na chumvi, CS2 idondoshwe taratibu kwenye amini na sodiamu haidroksaidi. Chagua amini ya sekondari kama piperidini, mofolini au daiethilamini. Amini ya praimari inatoa DTC inayovunjika kuwa isothiosayaneti na utahangaika bure.

Baada ya hapo ni raha. Moli mbili za DTC kwa moli moja ya chumvi ya metali (tatu kwa chuma cha tatu na kobalti) ndani ya maji na mashapo yanatoka palepale, unachuja, unaosha, unakausha, hewa ya Dodoma ya kiangazi inakausha yenyewe. Na ukitumia ligandi moja kwenye metali tano unapata simulizi nzima: nikeli kijani isiyovutwa na sumaku, shaba ya kahawia yenye elektroni moja, kobalti inaanza ikiwa ya pili halafu hewa inaipeleka ya tatu na inakuwa kijani, inaacha kuvutwa na sumaku, zinki nyeupe, afu chuma cha tatu cheusi ambacho ndo kitamu kuliko vyote. Cambi na Szegö wa Italia waliona mwaka 1931 kwamba usumaku wa DTC za chuma hautulii, unategemea joto na unategemea amini uliyotumia, kwa sababu elektroni zinahama kati ya hali ya spini ya chini yenye elektroni moja pekee na spini ya juu yenye tano. Mwanafunzi mwenye mizani ya sumaku na amini tatu tofauti ana projekti yenye swali la kweli bila kuhitaji mashine ya mamilioni.

Kwa IR ni rahisi pia. Bondi ya kaboni na naitrojeni inaonekana kati ya 1480 na 1550 (kipimo cha IR, cm⁻¹), juu ya bondi moja ya kawaida na chini ya bondi mbili kamili, na ile ya kaboni na salfa iko karibu na 1000: ikiwa mstari mmoja ujue salfa zote mbili zimeshika, ukigawanyika ujue moja imeachia. Ushahidi wa wazi kiasi hicho kwa ligandi nyingine hupati kirahisi.

Na DTC iko mashambani kwetu tayari. Mankozebu, ile dawa ya ukungu inayouzwa maduka ya pembejeo kwa nyanya na zabibu, ni kompleksi ya DTC ya manganizi yenye zinki. Ulaya ilikataa kuiongezea kibali Desemba 2020, na moja ya sababu za wasiwasi kwa miaka mingi ni kitu kinachotokana na kuvunjika kwake, ethilini thiourea. Mtu anayetoka Hombolo au Mpunguzi ambako wazazi wanapambana na ubwiri kila msimu ana sababu ya kuijua kemia hii kuliko mtu mwingine yeyote. Tena shaba nayo inapigwa kwenye mizabibu, mrututu (salfeti ya shaba) na chokaa, na njia ya zamani ya kupima shaba kwenye mvinyo ni DTC hiyohiyo ya sodiamu: unaweka EDTA ya kuzishika chuma na nikeli na zinki, DTC inaichukua shaba, unavuta rangi ya manjano-kahawia kwenye klorofomu, unasoma karibu na nanomita 435. Zabibu za Dodoma, maji yaliyosafishwa, UV-Vis, basi. Kwa projekti ya uchambuzi sijaona nzuri kuliko hii kwa hapa.

Kama utanunua mrututu dukani ili upunguze gharama, uyeyushe kwenye maji ya moto na uukristalishe tena kabla ya kuutumia, wa dukani una chuma ndani.

Sasa thiosemikabazoni. Hii haihitaji CS2 mkononi mwako. Unachukua thiosemikabazaidi, unaigonganisha na aldehaidi au ketoni ndani ya ethanoli, matone machache ya asidi ya asetiki, unachemsha kwa kondensa saa mbili tatu na kristali zinatoka zenyewe ikipoa. Ukianza na salisilaldehaidi inashika metali kwa oksijeni, naitrojeni na salfa, ukianza na asetilipiridini inakuwa naitrojeni mbili na salfa. Uzuri wake ni huo: unaibuni. DTC ukibadilisha amini umebadilisha mkia, thiosemikabazoni ukibadilisha aldehaidi umebadilisha mkono unaoshika.

Na ina historia ya dawa. Thioasetazoni ilitoka kwenye kazi za Domagk miaka ya 1940, ikatumika sana Afrika Mashariki kwenye kifua kikuu pamoja na isoniazidi kwa sababu ilikuwa bei ya chini, ikaja kuachwa UKIMWI ulipoingia kwa kuwa wagonjwa wenye virusi walipata madhara makali ya ngozi, wengine walikufa. Leo kuna Cu-ATSM, kompleksi ya shaba yenye mionzi inayotumika kutafiti sehemu za uvimbe zilizokosa oksijeni. Kwa hiyo ukisema unafanya thiosemikabazoni kwa ajili ya baiolojia, una msingi.

Ila hapa ndo nina manung'uniko. Projekti nyingi za aina hii zinaishia kwenye sahani ya agari, duara la bakteria waliokufa linapimwa kwa rula, na hitimisho linasema kompleksi ni kali kuliko ligandi. Kali kuliko nini? Kama hukuweka sahani ya chumvi ya shaba peke yake, shaba inaua bakteria yenyewe, huwezi kudai ni kompleksi. Kama hukuweka DMSO peke yake, hujui kiyeyushi kimefanya nini, na DMSO nayo ina oksijeni na salfa za kushikia metali, inaweza kuingia kwenye kompleksi yako wakati unaiyeyusha. Kama chuo hakina mtu wa maikrobaiolojia aliyekubali kusimamia hizo sahani zote, chagua DTC ufanye kemia safi. Na thiosemikabazaidi ni sumu kali ukiimeza au vumbi lake likiingia mdomoni, glavu na barakoa, na usipimie mezani panapoliwa chapati.

IR yake pia inataka jicho. Ligandi inaweza kukaa na kaboni-salfa ya bondi mbili au salfa yenye haidrojeni. Usipoona kitu karibu na 2570 kwenye ligandi ngumu, haidrojeni haiko kwenye salfa. Ikishashika metali mistari ya salfa inashuka kidogo karibu na 800, imechanganyika na mingine, na wengi wanaichora mshale kwa kubahatisha. Bila NMR (mashine inayosoma viini vya atomu kwa sumaku) au kristali ya eksirei utakuwa unadai zaidi ya ulichokiona.

Thiourea naipitia haraka. Bei ndogo, inapatikana, inashika kwa salfa moja tu bila pete, kwa hiyo kompleksi zake zinaachia kirahisi kwenye maji. Shaba ya pili inapoteza rangi ya bluu mbele yake kwa sababu inashuka kuwa ya kwanza, onesho zuri la darasani. Kwa dhahabu inafanya kazi kwenye asidi, pH kati ya 1 na 2, chuma cha tatu kikiwa kioksidishaji, na ni kasi kuliko sayanaidi, ila inaliwa sana na inashukiwa kuleta saratani. Ukitaka mbadala wa sayanaidi wenye salfa, soma thiosalfeti kwanza, Barrick waliianza kwa kiwango cha kiwanda Goldstrike, Nevada, mwaka 2014. Kwa projekti ya kutengeneza na kuchunguza kompleksi, thiourea ningeiweka ya mwisho.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya kulipia kemikali, nenda kaulize vitu vitatu maabara: kabati linavuta? mizani ya sumaku ipo? NMR utaipata wapi na kwa foleni ya muda gani? Kabati halivuti, nunua DTC ya sodiamu iliyo tayari. Mizani ya sumaku ipo, chukua chuma na amini tatu, hizo DTC zinatoka dukani au kwenye kabati linalovuta, basi. NMR ipo na mtu wa bakteria yupo, thiosemikabazoni sasa inakufaa. Swali lako ni la mwamba, zanthati, na nunua kiasi kidogo kibichi, weka kwenye friji ya kemikali, tumia ndani ya muhula.

Taka za nikeli na shaba ziende kwenye chupa yake yenye lebo, na za DTC na zanthati zibaki kwenye hali ya besi. Usizimwagie kwenye chupa ya taka za asidi, CS2 itarudi hewani na chupa ikiwa imefungwa itajaa mgandamizo.